Land Rover 109 ya marehemu baba: tuifufue au tuiuze kwa kilo?

SWALI: Shikamoo fundi. Nakuandikia kutoka Rau, Moshi. Marehemu baba alituachia Land Rover pikapu, 109, Series III ya petroli. Imekaa kihambani, shamba letu la ukoo huko Kibosho, chini ya mparachichi karibu miaka tisa bila kuwashwa. Mimi na mume wangu tungependa kuifufua wenyewe siku za Jumamosi, pamoja na binti yetu wa miaka 15 na mdogo wake wa kiume wa miaka 11, mpaka siku moja tupande nayo Kibosho kwa Krismasi. Kaka yangu anasema tuiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Fundi tuliyemwita anashauri injini itolewe, iwekwe ya dizeli ya Toyota. Tuanzie wapi? Na kweli ni kazi ya familia?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Land Rover hiyo msiiuze kwa kilo, injini yake msiitoe, na ndiyo, ni kazi ya familia. Ila nina sharti moja, nalo ndilo litakaloamua kama gari litatembea au litafia uani: msilifungue lote kwa mpigo. Hapa Arusha, ukizunguka gereji za mtaa wa Unga Limited na nyua za watu binafsi, utakuta chesisi zilizobaki uchi na makopo ya bolti ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka wapi. Wenyewe walianza na ari kubwa, wakafungua kila kitu mwezi wa kwanza, fedha ikakata, watoto wakachoka kutazama vyuma visivyo na sura ya gari. Mtoto wa miaka 11 hawezi kungoja miaka mitatu aone matunda ya Jumamosi zake. Anatakiwa asikie injini ikinguruma kabla muhula haujaisha. Kwa hiyo fungueni sehemu moja, itengenezeni, ifungeni, ifanye kazi, ndipo mhamie nyingine.

Kabla ya kushika spana, malizeni karatasi. Kadi ya gari bila shaka ina jina la marehemu, kwa hiyo gari ni mali ya mirathi. Mwenye mamlaka ya kulihamisha ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si yule aliyebaki na ufunguo. Kaeni kikao, mkubaliane gari linakuwa la nani na kaka yako anapata nini, muandikiane, kisha msimamizi ashughulikie uhamisho TRA. Gari likiwa bovu hakuna anayeligombea. Ugomvi huja likishatembea, na unauma zaidi kwa sababu watoto nao wameshaweka jasho lao humo. Siku hiyohiyo linganisheni namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi. Ya chesisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia; sugueni kutu na rangi kwa brashi ya waya mpaka isomeke. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, lakini ulizeni TRA kama namba yenu ina deni lolote la nyuma, na kama bado ni namba ya mtindo wa zamani waelezeni mapema.

Sasa gari lenyewe. Kazi ya kwanza mpeni mdogo: sumaku ndogo. Azunguke nayo gari zima. Kwenye madigadi, kwenye boneti na kwenye bodi ya nyuma haitanasa, kwa sababu ni aluminiamu. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948 vita vilikuwa vimeisha juzi tu, na Uingereza chuma kilikuwa kwa mgawo, ndipo waundaji wakatumia aloi ya aluminiamu kwa bodi. Waliendelea hivyo hata kwenye Series III, iliyotoka 1971 mpaka 1985. Lakini sumaku itanasa kwenye chesisi, na kwenye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Mahali inaponasa ndipo kutu inapoishi. Hili ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi: bodi inaonekana nzima baada ya miaka hamsini, kumbe chesisi imeliwa kwa ndani.

Chesisi hiyo ni boksi la chuma lililochomelewa pande nne, lina uwazi ndani. Maji na tope vikiingia havitoki kwa urahisi, na udongo mwekundu wa Kibosho hushika unyevu muda mrefu. Hapo mwiteni binti ashike nyundo ndogo na bisibisi. Agonge taratibu urefu wote wa chesisi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa, na bisibisi huzama. Agonge zaidi boriti ya nyuma kabisa, mikono ya pembeni inayobeba ule ukuta wa chuma, vishikio vyote vya springi, na sehemu iliyo juu ya ekseli ya nyuma ambako matairi hurusha tope. Kila panapolegea apazungushie chaki. Boriti ya nyuma na mikono ya pembeni hukatwa na kuwekwa mipya. Hiyo ni kazi ya kawaida. Mkikuta reli kuu mbili zimeoza sehemu nyingi, hapo simameni. Chesisi nyingine ina maana ya namba nyingine, na hilo huongelewa na TRA na polisi kabla ya kununua, si baada.

Kuchomelea msijifunzie hapa. Mtafuteni fundi anayejua chesisi, na muwe mmesimama pale. Akate mpaka afikie chuma cheupe, kisha aweke bamba la milimita 2 au 3. Akitaka kubandika kiraka juu ya kutu, mwambieni hapana. Betri na waya za altaneta zifunguliwe kabla hajawasha mashine. Tangi la petroli, ambalo kwa pikapu hii liko chini ya kiti cha mbele, litolewe kabisa na lipelekwe mbali. Na tangi lenyewe asilichomelee mtu yeyote kwa sababu tu linaonekana kavu. Mvuke unaobaki ndani ya tangi tupu ndio unaolipuka.

Injini ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, na ni miongoni mwa injini zenye subira ninazozijua. Miaka tisa bila kuwashwa haiiui yenyewe. Huuawa siku ya kwanza na watu wenye haraka wanaofunga kamba na kulivuta gari likiwa kwenye gia. Msivute. Toeni plagi zote nne, mmimine vijiko viwili vya oili nyepesi kila silinda, muiache mpaka Jumamosi inayofuata. Mwageni oili ya zamani, muweke mpya ya 20W-50 na filta mpya. Kisha ingizeni hendeli mbele na muizungushe kwa mkono, plagi zikiwa bado nje. Ikizunguka laini, mwacheni kila mtoto azungushe na kusikia pistoni zikipanda na kushuka. Plagi zikisharudishwa hendeli ni ya mtu mzima peke yake, na kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, kwa sababu injini ikirudi nyuma huvunja mkono. Ikiwa imenata, ongezeni oili na ngojeni. Nimeona iliyokaa mwezi ikanyoka bila kufunguliwa.

Petroli ya tangini mwageni yote. Baada ya muda mrefu hivyo inanuka kama vanishi na imeshaacha gundi kwenye kabureta. Kabureta ya Zenith iliyofungwa nyingi ya hizi ina ugonjwa wake: nyuso zake hupinda, hewa na petroli vikapita pasipotakiwa, na injini ikawa inakunywa mafuta na kuzimazima. Wekeni rula juu ya uso wake mtazame mwanga. Kama imepinda, isugueni taratibu juu ya msasa mwembamba uliolazwa kwenye kioo, muweke gasketi mpya. Hii ni kazi ya mezani, safi, binti yako ataiweza vizuri kuliko fundi mwenye foleni ya magari. Platini, zile zinazokata na kuunga umeme wa plagi, zisafishwe na nafasi yake iwe milimita 0.35 hadi 0.40. Tapeti zote, yaani nafasi inayoachwa juu ya kila valvu ikiwa imefunga, ni milimita 0.25. Mpangilio wa kuchoma, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2. Mwambieni aandike namba hizi kwenye daftari la gari, kwa sababu atazitumia tena na tena. Nafasi za tapeti akizipima kila baada ya muda na kuona zinapungua haraka, basi viti vya valvu vinazama na silinda hedi inahitaji kupelekwa kwa wachonga vyuma.

Mnapoiwasha mara ya kwanza, kagueni feni na mkanda wake, jazeni rejeta maji safi, na macho yenu yawe kwenye taa ya oili. Taa isipozimika ndani ya sekunde chache, zimeni injini. Itatoa moshi mwingi. Ni ile oili mliyomimina. Msiogope.

Sasa kuhusu injini ya Toyota. Fundi wenu hana nia mbaya. Amewafungia wengi na wanaridhika, hasa wanaobebea mizigo kila siku. Ninyi hamfanyi hivyo. Injini yenye nguvu zaidi inataka breki bora, gia boksi na propela zinazoihimili, vishikio vipya vya injini, na rejeta nyingine, kila kimoja na fundi wake. Pia kadi ina namba ya injini, kwa hiyo kuna mabadiliko ya kusajili. Gari litakuwa kazi ya mafundi, nanyi mtabaki kulipa. Injini ya mzee mtaielewa wenyewe kwa spana za kawaida, na watoto wataona kila kinachotembea ndani yake. Kwa lengo mlilonieleza, hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko mwendo.

Breki ndizo ningependa mzitilie maanani kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mnaishi chini ya mlima. Magurudumu yote manne ni ya madramu. Land Rover nyingi za miaka hiyo zina mfumo mmoja tu wa mabomba ya breki, yaani bomba moja likipasuka, pedali inakwenda sakafuni na hakuna breki hata gurudumu moja. Kwa hiyo mipira yote inayopinda badilisheni hata kama inaonekana mizima. Mabomba ya chuma yenye kutu, badilisheni. Wili silinda fungueni zote. Za mbele kwenye 109 ni mbili kila gurudumu. Kama ndani kuna mashimo ya kutu, kubadili raba peke yake ni kupoteza fedha, nunueni nzima. Fluidi iwe DOT 3 au DOT 4. Akija mtu na oili ya haidroliki au ya injini, mkatalieni, kwa sababu raba zitavimba na breki zitashika njiani.

Na vumbi la kwenye madramu msilipulize kwa kompresa, wala kwa mdomo. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lowesheni kwa maji ya sabuni, futeni kwa kitambaa, kitieni kwenye mfuko na mkitupe. Watoto wasiwepo kabisa siku hiyo. Hali kadhalika rangi ya zamani huweza kuwa na risasi. Msasa wenu uwe wa maji, msisugue kavu.

Kuna jambo la breki ya mkono ambalo limeumiza watu wengi. Kwenye Land Rover hii haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya gia boksi kwenda ekseli ya nyuma. Mkipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, inaliruhusu lile lililo hewani lizunguke, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki ingawa mmevuta breki ya mkono. Kwa hiyo kabari za mbao au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, kila mara, na uwanja uwe tambarare. Hakuna mtu kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Nunueni stendi mbili imara za chuma kabla hamjanunua kitu kingine chochote cha kupendezesha. Hilo liwe sheria ya nyumba, na mume wako naye aifuate, kwa sababu watoto huiga wanachokiona.

Mengine nitayapitia haraka. Waya zilizoliwa na panya zibadilishwe kwa kutumia fundi umeme mwenye kuchora anachofanya. Matairi, 7.50-16, msipime kwa kashata zilizobaki bali kwa umri: tafuteni tarakimu nne ubavuni, 2314 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2014. Yaliyokaa miaka tisa chini ya mti mtayabadilisha tu. Gia boksi, difu na zile tufe kubwa za mbele zinazogeuza magurudumu zipate oili mpya ya EP 90. Tufe zikivuja, oili sili ni bei ndogo lakini msiache, maana oili hiyo huishia kwenye lainingi. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Aluminiamu inataka praima yake maalumu, la sivyo rangi yote itabambuka masika ya kwanza, na fundi bodi aliyezoea chuma asiigonge sana kwa sababu hutanuka haraka. Mimi ningebakiza mibonyeo ya mzee. Mnajua wenyewe ni ya mwaka gani na kahawa ya nani.

Gharama sitawaandikia kiasi, kwa sababu chesisi ndiyo itakayosema. Mpangilio wa kutumia fedha ni huu: chesisi na breki kwanza, matairi, kisha mafuta na umeme, na bodi mwisho. Spea za Series III bado zinatengenezwa Uingereza na huagizwa, na Arusha kuna mafundi waliokulia kwenye Land Rover za kupeleka watalii mbugani. Oktoba 2024 hapa Arusha lilifanyika tamasha la Land Rover, yakaja mamia ya magari kutoka sehemu mbalimbali. Wenye magari hayo ndio watakaowaelekeza nani ana spea halisi na nani anauza za bandia. Kwa raba za breki, ulizeni watu wawili watatu kabla ya kulipa.

Likishatembea, bima, ukaguzi wa trafiki, na mikanda ya viti. Kiti cha mbele ni cha watu watatu, ninyi mko wanne, na hapo lazima niseme wazi: wa nne asikae nyuma wazi, hata kwa kilomita mbili, hata kama sisi wote tulikua tukipanda hivyo. Gari lenu la kila siku lifuate nyuma likiwa na mzazi mmoja na mtoto mmoja, spana, maji, mkanda wa feni wa akiba na kamba ya kuvutia, na mbadilishane njiani. Binti hawezi kuendesha barabarani mpaka afikishe miaka 18 na leseni, lakini uwanjani mwenu aweza kujifunza klachi akiwa na baba yake pembeni. Stelingi ni nzito gari likiwa limesimama. Mfundisheni aigeuze gurudumu likiwa linatembea.

Safari za mwanzo ziwe fupi, hapohapo Rau na kurudi. Barabara ya kwenda Arusha, yapata kilomita 80 na malori yake, ingojeni mpaka mmeijua breki. Mwendo wa gari hili ni 70 hivi kwa saa na mwenye haraka mpisheni. Kwenye lami msitumie magurudumu manne kabisa. Gari halina difu ya katikati, kwa hiyo ekseli ya mbele na ya nyuma zitashindana kila mkikata kona na kitu kitavunjika. Kwenye tope la masika bonyezeni kile kitufe cha njano kinachounganisha magurudumu ya mbele. Mkirudi kwenye lami simamisheni gari, vuteni ule mkono mwekundu wa gia mpaka nyuma, urudisheni mbele, na kitufe kitaruka juu chenyewe. Kisiporuka, rudieni; msiondoke.

Kushuka kutoka Kibosho tumieni gia ileile mliyopandia, na muichague kabla mteremko haujaanza. Injini ndiyo ishike gari, breki ziguswe kidogokidogo kisha ziachiwe. Dramu ikipata moto sana breki hulegea, nayo haitoi onyo la kutosha. Mkifika chini simameni mahali salama, mshuke, na mmoja wenu akaribishe kiganja kwenye kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake haiachii, na Jumamosi inayofuata mmeshajua mnaanza na lipi.